Nyumba Iliyolia Mlimani

Mwalimu Joram alifika kijijini kwetu akiwa amekaa juu ya magunia ya mbegu za mahindi, katika lori la ushirika, mwanzoni mwa mwaka 1975. Tulimwona akiruka chini, akajikung'uta vumbi, akapokea sanduku lake la bati, kisha akatuuliza shule iko wapi. Tulikuwa tumesimama mbele ya shule yenyewe. Agustina, rafiki yangu, akamwonyesha kwa kidole vyumba viwili vya udongo vyenye paa la nyasi, na cha tatu ambacho kuta zake zilikuwa zimefika kiunoni. Mwalimu akatazama, akacheka kidogo, akasema, "Basi nimefika."

Kijiji chenyewe kilikuwa bado kichanga. Mwaka uliotangulia ndipo Operesheni ya vijiji ilipopita upande wetu wa Nyanungu, huko Tarime. Watu wakateremshwa kutoka milimani, kila ukoo ulikokuwa umejenga tangu enzi za mababu, wakapangwa bondeni kwa mistari iliyonyooka kama matuta ya viazi. Mimi na Bibi Boke, mama yake baba yangu, tulipewa kiwanja mwisho wa mstari, karibu na korongo. Baba alikuwa karani kwenye ghala la pamba huko Musoma na mama alikuwa naye. Bibi ndiye aliyenilea. Aliniita Robi kwa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo hata alipokuwa ananikaripia alinikaripia kwa adabu.

Nilikuwa darasa la saba. Nyumbani tulisema Kikurya. Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya redio ya mwenyekiti wa kijiji, na ya Katibu Kata. Tulikijua, lakini tulikivaa kama nguo ya kanisani: tukitoka tu, tunaivua. Mwalimu Joram naye hakuzaliwa nacho. Kwao ilikuwa Ikoma, huko kwenye lango la hifadhi, na Kikurya alijua maneno machache tu ya salamu, nayo aliyatamka mpaka wazee wakacheka. Ila Kiswahili alikipenda jinsi watu wa kwetu wanavyopenda ng'ombe. Alikizunguka, akakitazama miguu, akakitazama pembe, akakisifia kwa sababu ambazo wewe hukuwa umeziona.

"Leo nawapa neno moja," alituambia wiki ya kwanza. "Halimo katika mtihani wenu. Mkitaka, lichukueni. Msipotaka, liacheni hapa hapa, nitalifagia."

Akaandika ubaoni: TASHBIHI.

Kisha akatuuliza vijana wa kwetu husifu vipi ng'ombe dume. Heche, aliyekuwa mkubwa kuliko sisi wote na sauti yake imeshaota ndevu, akasimama akatoa sifa ya Kikurya, ndefu, mpaka darasa la pili lililokuwa upande wa pili wa ukuta likanyamaza. Mwalimu akatutaka tuigeuze kwa Kiswahili. Tulihangaika. Mwisho tukapata: pembe zake zimejikunja kama mwezi mchanga, mgongo wake umenyooka kama jabali la mto.

"Hilo 'kama' mnaliona?" akasema. "Hiyo ndiyo tashbihi. Mmekuwa nayo siku zote. Mimi nimewaletea jina lake tu."

Ndivyo alivyofundisha. Hakutuletea kitu kipya bila kwanza kukitafuta kwetu. Alipofika kwenye chuku, ambayo alisema watu wa vitabu huiita mubalagha, alitutajia wapiga litungu, lile zeze letu la nyuzi nane, wanavyojigamba kwenye sherehe, kwamba wamevuka mto Mara kwa hatua moja na mamba wakasimama kuwapigia makofi. Alipofika kwenye tafsida, akauliza nani nyumbani kwake huwa hawasemi kwamba mtu amekufa. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia kwamba Bibi hajasema hata siku moja kuwa Babu amekufa. Husema amelala.

"Hiyo ni tafsida, Robi. Neno lina makali, nasi tunalifunga kitambaa ili lisimkate anayelisikia."

Nikakimbia nyumbani na neno langu. Bibi alikuwa anapeta wimbi uani. Nikamweleza kwa Kikurya yote Mwalimu aliyosema, na kile kitambaa. Akasikiliza, akapuliza makapi, akasema, "Mwambie mwalimu wako sijafunga kitambaa chochote. Amelala kweli."

Nilipompelekea Mwalimu jibu hilo hakucheka. Aliirudisha chaki mezani, akaniambia niketi.

Sasa nimtaje Katibu Kata, Ndugu Selestine. Alikuwa mtu wa Susuni, Mkurya kama sisi, mwembamba, mwenye baiskeli aina ya Foniksi na kofia ya kitambaa aliyoivua tu anapoingia kanisani au ndani ya nyumba. Yeye ndiye aliyesimamia kuhamishwa kwetu. Hakuwa mtu mbaya. Siku ya kuhama alibeba mwenyewe kuku wa mjane mmoja kwapani mpaka chini. Lakini alikuwa mtu aliyepewa kazi, na kazi ile ilikuwa na mwisho wake, na alitaka kuufikia.

Mwezi wa tano aliitisha mkutano wa kijiji. Alizungumza kwa Kiswahili, maana mambo ya serikali hayakuzungumzwa kwa Kikurya. Akasema mambo ya shamba la pamoja, akasema mambo ya vyoo, kisha sauti ikapanda: "Ndugu wananchi, katika kata hii bado kuna kupe. Kupe hawa wananyonya damu yetu. Lazima tuwaondoe."

Mzee Waitara akasimama akiegemea fimbo yake. Alikuwa na ng'ombe wengi na Kiswahili kichache. "Ndugu Katibu," akasema, "leo umesema kweli. Josho halina dawa tangu mvua zianze. Hao kupe watatumaliza. Dawa italetwa lini?"

Watu wakatazamana. Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikazunguka, kikamfikia Katibu mwisho kabisa. Naye akacheka, ila alikunja uso kwanza. Mzee Waitara hakuelewa wanachekea nini. Aliendelea kusimama akisubiri jibu, nami mpaka leo naona alikuwa na haki ya kulisubiri, kwa sababu ndama wake watatu walikufa mwaka ule.

Kesho yake Mwalimu Joram aliandika ubaoni: SITIARI. Hatukuhitaji maelezo mengi. Akatuambia kwamba kwenye tashbihi mtu anasema fulani ni kama kupe, na kwenye sitiari anamwita kupe moja kwa moja, na kwamba hapo ndipo penye hatari, maana lazima msikilizaji awe anajua unamwona nani kichwani. "Katibu alikuwa anawaona watu," akasema. "Mzee Waitara alikuwa anaona kupe. Wote wawili walikuwa wakweli."

Chumba cha tatu cha shule kilikamilika mwezi wa saba. Ikaamuliwa kwamba kifunguliwe kwa sherehe, wageni watoke tarafani, na watoto watoe ngonjera. Miaka ile hakukuwa na sherehe bila ngonjera. Watoto wawili wanasimama, mmoja anapinga, mwingine anajibu, wanabishana kwa beti mpaka yule mpinzani anasalimu amri na wote wanamaliza kwa sauti moja.

Mwalimu akatuchagua mimi na Agustina. Agustina awe mwanakijiji, mimi niwe yule anayekataa kuhama. Alikuwa ameandika beti mwenyewe, na ubeti wangu wa kwanza ulianza hivi:

*Mimi ni mtu mvivu, kijijini sitakuja.*

Nikausoma, nikairudisha karatasi mezani. Tulikuwa watatu tu darasani, saa za jioni, wenzetu wako shambani kwa kazi ya shule.

"Una nini?" akaniuliza.

"Mwalimu, watu waliokataa kuhama hawakuwa wavivu."

"Unamjua mmoja?"

"Bibi yangu. Anaamka kabla ya jogoo."

Agustina akanikanyaga mguu. Mwalimu akaichukua ile karatasi, akaisoma tena kama vile imeandikwa na mtu mwingine. Mwisho akasema, "Ni kweli. Mtu anayekataa lazima awe na sababu, la sivyo hakuna mabishano. Nenda ukaandike ubeti wako. Mizani kumi na sita kila mstari, vina vya kati na vya mwisho, usinivurugie."

Niliandika siku mbili. Nilihesabia mizani kwenye vidole nikiwa natwanga, nikiwa nateka maji, hata kanisani. Wazo la kwanza lilitoka kwa Bibi bila yeye kujua. Alikuwa na tabia, anapomaliza kazi za mchana, ya kukaa upande wa nyumba unaotazama mlimani. Kutoka pale paa letu la zamani lilionekana, limeanza kubonyea upande mmoja. Alikuwa anavuma wimbo mdogo puani, na mara nyingine ule wimbo ulikatika, akajifuta uso kwa kanga. Nilipomuuliza ana nini, alijibu kwamba moshi umemwingia. Hatukuwa tumewasha moto.

Nikampelekea Mwalimu ubeti huu:

*Nyumba yetu mlimani, imebaki ikilia,*
*Majani yamo jikoni, na panya wamehamia,*
*Yauliza, "Kulikoni? Nani atanirudia?"*
*Machozi tele usoni, hakuna wa kufutia.*

Aliusoma mara moja kimya, mara ya pili kwa sauti. Macho yake yaling'aa. "Tashihisi," akasema. "Umeipa nyumba uso. Umeipa kinywa. Nani amekufundisha? Hii sijaifundisha bado."

Sikujua kama nimefanya kitu chenye jina.

Agustina akajibu ubeti wangu kwa ule ulioanza *Njoo, ndugu, kijijini, yote utajipatia.* Mwalimu akasema hilo "yote" nalo ni chuku, maana bomba la maji tuliloahidiwa lilikuwa halijafika, lakini katika ngonjera anayeshinda huruhusiwa chuku. Tukacheka. Tulifanya mazoezi mpaka mbuzi waliokuwa wakifungwa karibu na shule wakatuzoea.

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Wageni walikaa kwenye viti vilivyokopwa kanisani. Bibi alikuja na kanga mpya, akaketi chini na wanawake wengine. Tukasimama mimi na Agustina. Nikaanza. Nilipofika *Nani atanirudia*, nikasikia kimya kikishuka, kimya ambacho watoto wadogo hawakukivunja. Halafu mwanamke mmoja upande wa kushoto akapenga kamasi. Mwingine akainamisha kichwa. Mzee Waitara, ambaye Kiswahili kilimpita kwenye mikutano, hiki kilimwingia, kwa sababu alikuwa ametazama mlimani.

Agustina akajibu kwa nguvu, tukabishana, nikasalimu amri, tukamaliza pamoja, watu wakapiga makofi. Wageni nao wakapiga. Katibu hakupiga. Alikuwa amekunja mikono.

Wageni walipokuwa wanakula nyama, alimwita Mwalimu. Kisha akaniita mimi, na akasema nije na mkubwa wangu. Tukaingia kwenye kile chumba kipya, udongo wake ukiwa bado unanukia. Bibi akakataa kiti, akasimama ukutani nyuma yangu. Nilisikia pumzi zake.

"Mwalimu," akasema Ndugu Selestine, "nyumba inalia?"

"Hiyo ni tashihisi, Ndugu Katibu. Ni tamathali ya semi. Mshairi anachukua kitu kisicho na uhai, anakipa tabia za mtu. Haimaanishi..."

"Nimesoma, Mwalimu. Nilifika darasa la nane la zamani."

"Samahani."

"Endelea."

Nilimwonea Mwalimu huruma. Alikuwa kijana, pengine hajafika miaka ishirini na mitano, na kofia ya Katibu ilikuwa mezani ikimtazama. "Hata wewe unazitumia, Ndugu Katibu. Kwenye mkutano ulisema kuna kupe. Mzee Waitara akadhani ni kupe wa josho. Hukumaanisha hao. Ndivyo na hii nyumba. Ni mfano tu."

Nilidhani Katibu atakasirika. Akatabasamu, tena vizuri. "Nilijua utanipeleka huko. Sawa. Niliposema kupe, nilikuwa na watu kichwani. Ningeweza kukutajia majina. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Najua nyumba hailii. Udongo na fito haviwezi kulia. Ndiyo sababu nauliza." Akaegemea mbele. "Kupe walikuwa watu. Nyumba ni nani?"

Mwalimu Joram alinitazama mara moja, haraka, kisha akageuza macho. "Hakuna mtu, Ndugu Katibu. Ubeti ni wangu. Kosa kama lipo ni langu."

Alisema uongo kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilitaka kusema kitu, lakini Kiswahili chote kilinikimbia.

Bibi akanigusa bega. "Wanasema nini?" akauliza kwa Kikurya.

"Wanauliza ile nyumba kwenye shairi ni nani."

"Mwambie ni mimi."

Sikuhitaji kumwambia. Katibu alikuwa Mkurya, na alikuwa ameshasikia. Aligeuka kwenye kiti, akamtazama Bibi kwa mara ya kwanza tangu tuingie, na alipozungumza alizungumza kwa lugha yetu, na sauti ikabadilika, ikawa sauti ya mtoto wa mtu.

"Mama, unasemaje?"

"Nasema nyumba ilikuwa ya udongo. Udongo hauna machozi. Nimelia mimi. Huyu mtoto ameona haya kunitaja, akaipa nyumba machozi yangu."

"Unalilia nyumba?"

"Nyumba nimejenga tatu maishani, na hii ya bondeni ni ya nne. Nyumba siililii." Akaelekeza kidole mlimani. "Mume wangu amelala pale juu, karibu na mlango wa zizi. Uzio umeanguka. Ng'ombe wa watu wanapita juu yake kwenda majani. Kila jioni nawaona kutoka chini, nao hawajui wanakanyaga nini."

Mwalimu Joram hakuelewa. Akanitazama. Nikamtafsiria kwa sauti ya chini, na nilipofika kwenye "amelala" nikaliacha hivyo hivyo.

"Kwa nini hukusema siku ile?" akauliza Katibu.

"Ulikuja na lori. Lori lina kelele."

"Na baadaye? Ofisi yangu ipo wazi."

"Ofisi yako ni ya Kiswahili, mwanangu."

Katibu akachukua kofia yake mezani, akaigeuza geuza, asiivae. Nje watu walikuwa wanacheka na mtu anapiga ngoma vibaya. Nilidhani sasa atasema neno la serikali. Akasema, "Zizi lenyewe liko upande gani, wa mawio au wa machweo?"

"Wa mawio."

"Jumamosi ni siku ya msaragambo. Kijiji kizima tulikuwa twende kuchimba mtaro. Mtaro utasubiri."

Jumamosi tukapanda mlima. Tulikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, kwa sababu habari ilitembea, na ikaonekana si Bibi peke yake aliyeacha mtu kule juu. Wanaume walibeba mapanga na majembe, akina mama wakabeba miche ya katani na minyaa ya kupanda uzio. Mzee Waitara aliletwa na wajukuu wake, akikataa kushikwa mkono. Ndugu Selestine alikuja kwa miguu, baiskeli ameiacha bondeni.

Nyumba yetu ilikuwa imeanguka nusu. Paa lilikuwa limelala juu ya jiko, na majani yalikuwa yameota kweli pale mafiga yalipokuwa, marefu, ya kijani kibichi kwa ajili ya majivu ya miaka mingi. Nilisimama mlangoni. Ndani nilisikia harufu ya moshi wa zamani, ule ulioingia kwenye kuta usitoke. Hapo ndipo nililia, mimi mwenyewe, na sikumpa mtu wala kitu chochote machozi yale.

Wanaume walikusanya mawe wakazungushia kaburi la Babu, kisha wakapanda katani kwa mstari wa nje. Wakahamia kwenye kaburi la pili, la tatu, mpaka jua likawa la utosi. Katibu alibeba mawe kama wengine. Mara moja nilimwona amesimama peke yake anatazama upande wa Susuni, kwao, ambako nako watu walihamishwa, na mtu mwingine ndiye aliyewahamisha. Akainama akachukua jiwe lingine.

Mwalimu Joram alimletea Bibi maji kwenye kibuyu, akaniomba nimuulize kama ubeti ule ulimuudhi.

Bibi akanywa kwanza. "Mwambie haukuniudhi. Lakini nyumba yangu haikuwa na panya. Nilifuga paka wawili."

Nikamtafsiria. "Chuku," akasema Mwalimu kwa unyenyekevu, kama mtu anayekiri kwa padri, na Bibi, nilipomweleza chuku ni nini, akacheka mpaka akashika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tuhame.

Si mambo yote yaliyokwisha vizuri. Ngonjera yetu ilikuwa imewapendeza wageni, tukaitwa kwenda kushindana Tarime mjini. Katibu akaja shuleni. Alikaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakamfika kifuani.

"Ule ubeti uondoeni," akasema.

"Ndugu Katibu, wewe mwenyewe umeuelewa," akasema Mwalimu.

"Mimi nimeuelewa kwa sababu bibi alikuwepo. Mjini wataisikia nyumba tu. Watauliza kama nilivyouliza, na hapatakuwa na bibi wa kuwajibu. Watajijibu wenyewe." Akanitazama mimi. "Binti, ubeti wako ni mzuri. Uweke. Kuna vitu havisemwi mbele ya kila mtu, na si kwa sababu ni vya uongo."

Basi nikasimama Tarime, mbele ya watu ambao sikuwajua, nikasema *Mimi ni mtu mvivu, kijijini sitakuja*. Tulipata nafasi ya tatu, na zawadi ya mpira na mikebe ya chaki. Agustina alifurahi. Njiani kurudi alilala begani kwangu huku lori linaruka mashimo, nami nikawa nasema ubeti wangu ndani ya kichwa, mwanzo hadi mwisho, nihakikishe bado upo.

Januari iliyofuata Mwalimu Joram alihamishwa. Wengine walisema ni adhabu, wengine walisema aliomba mwenyewe kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Alipelekwa upande wa kwao, Ikoma. Siku ya kuondoka, Bibi alimpikia ugali wa wimbi na jogoo, akamfungia na mtama wa safari. Alimsemesha maneno mengi kwa Kikurya, yeye akaitikia "ndiyo, Bibi, ndiyo, Bibi" bila kuelewa nusu yake, nami siku ile sikutafsiri. Niliona wanaelewana.

Mimi nilichaguliwa kwenda sekondari, nikawa mwalimu wa Kiswahili, nikafundisha Musoma na baadaye Mugumu. Nimewauliza wanafunzi wengi sana maana ya tashihisi. Wananijibu vizuri, kwa maneno ya kitabu, na ninawapa alama zao. Mara nyingine nawauliza na swali la pili, lile la Ndugu Selestine, kwamba katika mstari huu, nyumba ni nani? Wengine wanadhani nawatega. Yupo mmoja mmoja anayeanza kujibu kisha anasita, macho yanaenda mbali, na ninajua amemwona mtu wake. Huyo simlazimishi aseme.

Agustina aliolewa Sirari, mpakani, akafungua duka la vitenge, Kiswahili chake kikachanganyika na cha ng'ambo. Ndugu Selestine alihamishiwa kata nyingine. Nilisikia alistaafu na kulima kahawa. Miaka ya themanini, sheria ilipolegea, watu wakaanza kurudi milimani mmoja mmoja, na baba yangu akajenga kule juu nyumba ya tofali. Bibi aliishi humo misimu miwili ya mavuno kabla naye hajalala. Alikuwa anakaa nje asubuhi, amegeukia zizi, kahawa yake mkononi, hana haja ya kutazama mbali.

Mwalimu Joram nilikutana naye mara moja tu. Ilikuwa stendi ya Mugumu, ameshika begi na kuku, amenenepa, nywele zimerudi nyuma. Nilisema "Shikamoo, Mwalimu," akanitazama bila kunijua, kisha sanduku la kumbukumbu likafunguka usoni mwake, akaniita jina langu. Akasema alikuwa anakwenda kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Tukanunua chai, tukakaa kwenye benchi la mama lishe. Akauliza habari za Agustina, za Heche, za Mzee Waitara na ng'ombe wake. Nikamwambia. Kondakta wa basi lake aliita abiria mara ya kwanza, mara ya pili, akaja mpaka mezani kwetu akamwita kwa mkono. Mwalimu akamwambia, "Nenda tu, kijana wangu, nitapanda la kesho," akaagiza chai nyingine.